Taa ya Bluu na Kinywa cha Mama Mkwe

Semina ilifanyika katika hoteli moja mjini Nakuru, ya aina ile ambayo hata viti huvalishwa vitambaa. Sisi wahudumu wa afya ya kinywa kutoka vituo vya kando ya barabara na vya milimani tuliketi mbele ya chupa za maji na peremende za mnanaa, tukaambiwa kwamba tunaingia katika enzi mpya. Tangu nianze kazi hii nimeingizwa katika enzi mpya mara nne. Ya kwanza iliacha kiti cha meno kisicho na kanyagio. Ya pili iliacha bango. Ya tatu na ya nne sikumbuki ziliacha nini, labda kalamu.

Hii ya sasa ilikuja ndani ya sanduku jeusi lenye sponji. Sandukuni mlikuwa na taa ya mkononi, kubwa kidogo kuliko tochi ya bawabu, yenye kioo cha manjano na mahali pa kushikiza simu. Mtaalamu wa mradi, mwanamume aliyetoka Nairobi na viatu vyembamba mno kwa matope ya huku, alitueleza inavyofanya kazi. Unamulika kinywa cha mtu kwa mwanga wa bluu, ukitazama kupitia kile kioo. Nyama yenye afya inang'aa kijani. Palipoanza kuharibika hapang'ai, panabaki peusi. Saratani ya kinywa, alisema, huanza bila maumivu, kama doa jeupe au jekundu ambalo jicho hulipita tu. Taa hulionyesha mapema, simu hulipiga picha, picha hutumwa kwa daktari bingwa, naye huamua kama mtu akatwe kipande kidogo cha nyama kikapimwe maabara. Doa jeusi likionekana, mtu arudi baada ya wiki mbili atazamwe tena. Likiwa bado lipo, hapana mjadala, aende akakatwe kile kipande. Ugonjwa ukikamatwa mapema mtu anakatwa padogo na kurudi shambani kwake. Ukichelewa anakatwa ulimi, au shavu, au taya.

Nakiri kwa shingo upande kwamba yote aliyosema yalikuwa kweli. Nimetafuta sana pa kuilaumu ile taa na sijapapata. Nilipata watu wa kuwalaumu, wengi tu, na nitawataja kwa zamu bila kuwataja majina, nikiwemo mimi.

Kituo chetu kiko juu kidogo ya Salgaa. Huko chini malori hulala, na madereva hufika kwangu na shavu moja limevimba miraa waliyoitafuna safari nzima, wakilalamika kwamba ni jino. Huku juu wazee wanatia ugoro chini ya mdomo, na akina mama pia, ingawa kwa akina mama ugoro huo haupo kwa sababu kanisa limesema haupo. Kama taa hiyo ilikuwa na nyumba yake duniani, ilikuwa pale. Basi msimamizi wa kituo aliipokea kwa mikono miwili, akaifungia katika kabati la ofisini mwake pamoja na vyeti vyake vya semina, na ufunguo akautia katika mfuko wa shati. Ilitoka kabatini wageni walipokuja. Iliwashwa, ikamulikwa ukutani, wageni wakasema eeh, ikarudi kulala. Nilimwomba mara tatu niitumie kwa wagonjwa. Alinijibu kwamba tusubiri uzinduzi.

Uzinduzi ulipangwa kwa miezi miwili, na katika miezi hiyo sijui ni midomo mingapi ilipita mbele yangu nikaitazama kwa tochi ya simu. Siku yenyewe ilipofika, kulikuwa na mahema mawili, vipaza sauti, na tisheti zenye picha ya mdomo unaocheka. Mdomo wenyewe ulikuwa na meno mengi kuliko ya binadamu. Mshereheshaji alikuwa kijana mmoja aliyezoea kusherehesha harusi, na kwa kila aliyesimama kupimwa aliutaka umati umpigie makofi kana kwamba anakwenda kukata keki.

Na kulikuwa na mursik. Kwa asiyejua, mursik ni maziwa yanayogandishwa ndani ya kibuyu ambacho kwanza kimesuguliwa kwa kijinga cha moto cha mti maalumu, mpaka kuta zake za ndani zikavaa masizi. Ndiyo maana maziwa yake hutoka na michirizi ya kijivu, na ndiyo maana utamu wake haufanani na wa maziwa mengine. Mgeni wa heshima akifika huku, hapewi maua. Hupewa mursik pale langoni, anapiga funda moja, watu wanapiga vigelegele. Siku hiyo akina mama walikuja na vibuyu zaidi ya kumi, na kwa ukarimu usio na breki hawakuishia kwa wageni wa meza kuu. Kila aliyepanga foleni kupimwa alipewa funda lake, au mawili.

Aliyewaongoza akina mama hao alikuwa mama mkwe wangu.

Huyu ni mtu wa zamani, na sisemi hivyo kwa dharau. Nilimwoa binti yake miaka kumi na minane iliyopita na sijawahi kumshika mkono. Tunasalimiana kwa mbali, yeye akitazama upande. Kubwa kuliko yote, sijawahi kumwona akila wala kunywa. Mama mkwe wa heshima, kwa watu wa rika lake, hatii kitu kinywani mbele ya mkwewe wa kiume. Nikifika kwake ananiandalia chai, kisha anakwenda jikoni mpaka nimalize. Kwenye harusi, nikiwa ndani ya hema, sahani yake hupoa mapajani hadi nitoke nje, na jamaa wanaomjua hunikonyeza nitoke mapema ili mama wa watu ale. Mimi natoka Kabazi, ambako mama yangu mzazi hula mbele ya wakwe zake wote na kuwaongezea mchuzi, kwa hiyo mwanzoni desturi hii ilinichekesha. Baadaye niliipenda. Ilinifanya nijione mtu mzito.

Upimaji ulifanyika katika chumba cha stoo, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mablanketi ya wodi ili pawe na giza. Ndani alikuwemo yule mtaalamu wa viatu vyembamba na daktari mmoja msichana, mwanagenzi, aliyeletwa na mradi asubuhi hiyo hiyo. Mimi niliwekwa mlangoni na meza, daftari na fomu, kuandika namba ya kila mtu na kumuuliza maswali manne: sigara, pombe, miraa, ugoro. Kwamba mtu wa pekee aliyeijua midomo ya eneo lile aliwekwa nje kuandika namba, hilo halikumshangaza yeyote.

Walipopima watu kama kumi hivi, mtaalamu alitoka nje. Kijasho kilikuwa kimemtoka hadi juu ya mdomo.

"Daktari," akaniambia kwa sauti ya chini, "hii area iko na shida kubwa. Kila mtu. Kila mtu ako na black patches. Hata wale vijana."

"Ziko wapi hizo patches?" nikamuuliza.

"Kwa ulimi. Kati ya meno. Kwa ufizi. Mahali pote. Nimeshapigia watu wa Nairobi simu, wanasema hii inaweza kuwa kitu ya mazingira."

Niliingia ndani polepole. Nilikuwa nimesubiri saa kama hiyo tangu ile semina. Niliomba pamba, nikaufuta ulimi wa kijana aliyekuwa kitini, nikatoka nayo hadi kwenye mwanga wa mlango. Pamba ilikuwa na masizi.

"Hii inaitwa mursik," nikamwambia. "Ni makaa, boss. Mmewapa watu makaa halafu mnawapima weusi."

Watu wa foleni waliangua kicheko. Yule kijana naye alicheka, mdomo ungali wazi. Mshereheshaji alipopata habari aliitangaza kwa kipaza sauti, na mtaalamu wa watu akasimama pale akifuta kioo cha taa kisichokuwa na uchafu. Sikumhurumia hata kidogo. Nilirudi kwenye meza yangu nikiwa nimevimba kichwa, na kwa saa nzima iliyofuata nilikuwa nikimsimulia kila aliyefika mezani.

Dawa ya jambo lile ilikuwa rahisi: kila mtu asukutue kinywa kabla ya kupimwa. Lakini maji ya tangi yalikuwa yameisha kwa wapishi, waliokuwa wakichemshia meza kuu mbuzi watatu. Pamba nazo zilitosha watu thelathini tu. Kurudisha watu nyumbani waje siku nyingine hakukuwezekana, kwa sababu fomu zilipaswa kujaa siku hiyo hiyo na mpiga picha alikuwa wa siku hiyo tu. Basi mtaalamu akatoa uamuzi wa kitaalamu. Weusi utakaoonekana uandikwe mursik, kazi iendelee. Na zile wiki mbili alizotuhubiria hotelini? Nilimuuliza. Akasema mtu hawezi kurudishwa baada ya wiki mbili kwa sababu ya maziwa. Nami, kwa aibu yangu, niliona hilo ni jibu.

Mama mkwe alifika mezani pangu akiwa namba arobaini na moja. Alikuwa amevaa ile tisheti ya mdomo juu ya gauni lake la kanisani, na leso mabegani. Alisimama upande, akitazama mablanketi ya dirishani. Nami nikatazama daftari. Yale maswali manne sikumuuliza. Ningeanzaje? Niliandika hapana, hapana, hapana, hapana. Hapana ya nne ilikuwa uongo, na niliujua. Katika pindo la leso yake kulikuwa na fundo dogo, na ndani ya fundo kikopo cha ugoro ambacho familia nzima imekubaliana kutokukiona. Sijui mimi ni mhudumu wa afya wa aina gani niliyeweza kutazama fundo lile na kuandika hapana. Ni wa aina ya kawaida, nadhani.

Aliingia ndani. Nilisimama mlangoni nikiwa nimeupa mlango kisogo, maana mlango haukuwa na pazia, na ndani ya chumba kile mama mkwe wangu alikuwa ameketi akiwa amefungua kinywa.

Muda haukupita, nikamsikia yule daktari msichana akiniita.

"Daktari, hebu kuja uone hii."

"Nini?"

"Iko kwa shavu, ndani, upande wa kushoto. Ni moja tu. Hii si kama za wengine."

"Hiyo ni mursik tu," nikasema. Sikugeuka.

"Lakini wengine iko kwa ulimi na kwa meno. Yeye ulimi yake iko clean. Na nimejaribu kufuta na kidole, haitoki."

Hapo, mbele yangu, foleni ilikuwa ikisikiliza. Wengi wao walikuwa wamecheka pamoja nami, na nilijiona bado ni shujaa wao. Nyuma yangu alikuwa mwanamke ambaye kwa miaka kumi na minane sikuwahi kuona hata meno yake vizuri. Nilikuwa na sababu mbili za kutokugeuka, na zote mbili nilizivika sauti ya mkubwa wa kazi.

"Dada," nikamwambia, "mimi nimekaa huku miaka kumi na minane. Wewe umefika leo asubuhi. Piga picha uandike mursik, laini ni ndefu."

Nikasikia simu ikipiga picha. Mama mkwe alitoka akapita mbali nami, nami nikatazama viatu vyangu mpaka akafika kwenye hema. Kisha nikamwita namba arobaini na mbili.

Meza kuu ilikula mbuzi wake. Taa ilirudi kabatini, ufunguo ukarudi mfukoni.

Miezi saba baadaye tuliletewa kijitabu. Karatasi yake ilikuwa ya kung'aa, na katika ukurasa wa kwanza mtaalamu alitabasamu akiwa ameishika taa kama mtu aliyeshika samaki mkubwa. Ndani mlikuwa na sura nzima kuhusu makosa yanayoweza kutokea mashinani, na mursik ilipewa kurasa mbili na picha sita. Midomo ilikuwa wazi, imevutwa kwa kijiti cha chuma, kijani na weusi, na chini ya kila picha namba ya mtu na maelezo. Ile aibu ya jasho juu ya mdomo ilikuwa imegeuka ugunduzi. Mwishoni walimshukuru "afisa mmoja wa eneo" kwa ufahamu wake wa mila. Huyo alikuwa mimi. Niliukunja ukurasa huo pembeni ili usinipotee.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa mezani akisahihisha madaftari ya darasa la nne. Niliweka kijitabu juu ya madaftari yake, nikamwonyesha pale niliposhukuriwa. Akasoma, akasema hongera kwa sauti ile anayowapa watoto waliopata nusu. Kisha akafungua kurasa za picha, nami nikamweleza yale niliyowaeleza wote: pamba, masizi, mtaalamu na jasho lake.

Akasimama kwenye picha ya tatu.

"Huyu ni mama," akasema.

"Mama nani?"

"Mama yangu. Angalia hili jino limevunjika. Alipigwa teke na ng'ombe akikamua, mimi nikiwa form two. Na hii namba ni ya nani?"

Chini ya picha iliandikwa namba arobaini na moja, na maneno: masizi ya mursik katika shavu la kushoto. Ulimi katika picha hiyo ulikuwa wa kijani safi kutoka ncha hadi nyuma. Shavuni palikuwa na doa moja jeusi lenye kingo zilizochongoka.

"Ni yake," nikasema. "Lakini soma chini. Ni mursik."

Mke wangu hakusoma chini. Aliweka kalamu nyekundu mezani.

"Siku hiyo wewe ulikuwa wapi?"

"Pale pale. Mlangoni."

"Kutoka asubuhi?"

"Kutoka asubuhi hadi wageni wakaenda."

"Na mama alikuwa hapo, anagawa."

"Mbele yangu kabisa."

"Sasa mama angekunywa mursik saa ngapi," akaniuliza, "na wewe uko hapo?"

Nilijibu upesi kwamba labda alikunywa nyumbani kabla ya kuja, au nyuma ya hema. Mke wangu anamjua mama yake, nami namjua. Siku ya shughuli haonji kitu tangu alfajiri, na hawezi kujificha nyuma ya hema kama mtoto mwizi. Kati ya watu wote waliofungua vinywa katika chumba kile, mmoja tu hakuwa na tone la mursik, na sababu ya kutokuwa nalo nilikuwa mimi. Daktari msichana wa siku moja aliona kwamba doa lile halikufanana na mengine. Mimi wa miaka kumi na minane sikuhitaji hata taa. Nilihitaji kufikiri kidogo tu kwa kutumia kile kile nilichokuwa nikijisifia kukijua.

Niliogopa. Mke wangu alikuwa ameshaanza kumpigia mama yake simu.

Mama alisema hana shida. Alipobanwa alisema ana jino. Alipobanwa zaidi alisema chai ya moto imemshinda tangu wakati wa kuvuna mahindi, na kwamba anatafunia upande mmoja, na kwamba kanisani sasa anaimba kwa moyo tu. Dawa ya mitishamba alikuwa ametumia. Kwa nini hakuja kituoni? Mke wangu alimuuliza hivyo, na jibu lilikuwa fupi. Kituoni anayetazama midomo ni mkwe.

Kesho yake nilikwenda kwa msimamizi kuomba taa. Ofisi ilikuwa imefungwa. Alikuwa amekwenda semina Nakuru, na semina yenyewe ilihusu matumizi ya ile taa. Ufunguo alikuwa nao mfukoni. Niliyekuwa nikimtegemea amtazame mama badala yangu, muuguzi mmoja mwanamke, alikuwa likizo. Nilisimama mbele ya kabati lile nikaligonga kwa ngumi, jambo la kipumbavu, na ngumi ikaniuma wiki nzima.

Basi tulikwenda mimi na mke wangu, na tochi ya simu. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, mahali penye mwanga. Mke wangu alimweleza kwa lugha yao kwa muda mrefu, na nilielewa robo. Mama hakubishana. Alivua leso mabegani, akajifunika macho nayo, akaifunga nyuma ya kichwa ili asinione nikimwona. Kisha akafungua kinywa.

Sikuhitaji mwanga wa bluu. Jicho lolote lingeona. Kilikuwa kidonda chenye ukingo mgumu ulioinuka, chekundu katikati, na weupe umetambaa kukizunguka hadi pale anapoweka ugoro. Nilimgusa chini ya taya, mara yangu ya kwanza kumgusa, nikakuta uvimbe kama punje ya mahindi. Nilimwambia afunge. Nilimwambia mama, twende Nakuru leo.

Yaliyofuata niyaseme kwa kifupi, maana si ya kuchezewa maneno. Walikata kipande, maabara ikasema ni saratani. Walimfanyia upasuaji, wakatoa shavu kwa ndani na sehemu ya taya na vile vivimbe vya shingo, na baada ya hapo akachomwa kwa mionzi kwa wiki nyingi. Yuko hai. Anakula vyakula laini na maneno yake hueleweka kwa watu wa nyumbani tu. Hakuna daktari atakayeniambia kwa uhakika ingekuwaje kama angepelekwa miezi saba nyuma, na nimewauliza watatu. Wawili walitazama pembeni.

Nilimpigia pia mtaalamu simu, nikamwambia picha ya tatu katika kijitabu chake si mursik, kwamba vituo vyote vya bonde hili vinafundishwa kwa saratani ya kweli kwamba hayo ni masizi. Alisikiliza vizuri. Akasema asante sana, hiyo ni kesi nzuri, ni kesi muhimu. Akaniuliza kama anaweza kupata picha ya baada. Nilikata simu. Kijitabu bado kinagawiwa, nimekiona Njoro juzi mikononi mwa wanafunzi.

Lakini si mtaalamu anayenifanya niamke na moyo mzito. Ni ile siku ya kwanza, katika chumba cha daktari wa upasuaji Nakuru, kabla hata ya majibu. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mtaratibu, glavu mikononi. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti, mke wangu kando yake, mimi ukutani. Daktari alitazama kidonda, akapapasa shingo, kisha akauliza kimekuwapo kwa muda gani.

"Kidogo tu," mama akasema.

Mke wangu alinitazama.

"Miezi saba na siku tisa," nikasema. "Huenda zaidi. Lakini miezi saba na siku tisa kilionekana."

"Kilionekana na nani?" daktari akauliza.

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya taa, na namba arobaini na moja, na hapana nne nilizoandika. Nilimwambia niliitwa mara mbili na daktari aliyekuwa akikiona, nikasema ni mursik tu, na kwamba nilisema hivyo nikiwa nimempa kisogo. Mke wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Daktari aliacha kuandika.

Mama mkwe hajui Kiswahili kingi, lakini alichokijua kilimtosha. Aliondoa mkono shavuni. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minane alinigeukia akanitazama usoni, kisha akamgeukia daktari, akaongea polepole kwa sababu kuongea kulimuuma.

"Si makosa yake," akasema. "Huyu kijana ako na heshima. Ile siku mimi nilirudi nyumbani nikaambia wamama wote. Aliitwa kuniona, akakataa kugeuka."